Angalia Kona Kwanza

Kila baada ya miezi michache hutokea makala mpya kuhusu maandishi ya matatu na bodaboda, nami huisoma hadi mwisho kwa sababu ni mada ninayoipenda. Lakini karibu kila mara nakuta kitu kile kile: orodha. Mwandishi amepita stejini na daftari, amenakili misemo thelathini, akaipanga kwa mafungu ya dini, mapenzi, wivu, kifo na kandanda, kisha akatuambia kwamba hiyo ndiyo falsafa ya mwananchi wa kawaida. Ukimaliza kusoma unajua stika zilisema nini. Hujui zilibandikwa wapi, juu ya nini, nani alilipa, na kama bado ziko.

Nataka kubishana na orodha hiyo. Hoja yangu si kubwa: stika haisomwi kama sentensi tu, husomwa kama kitu kilichobandikwa mahali. Ukikubali hilo, utalazimika kukubali jambo la pili ambalo wahakiki wetu wamelikwepa. Kiraka kilichoshonwa kwenye aproni ya mchuma chai nacho kinasomeka, na mara nyingine kina mengi kuliko stika. Mifano yangu nimeitoa Kericho na Bomet, ambako stika na viraka hukutana kila asubuhi kwenye barabara moja.

Sisemi hakuna waliofanya kazi nzuri. Kitabu cha Mbugua wa Mungai cha mwaka 2013 kuhusu wanaume wa matatu, na kile cha Kenda Mutongi cha mwaka 2017 kuhusu historia ya matatu, vinawaangalia watu na biashara yenyewe, si maneno peke yake. Lakini vyote viwili ni vya Nairobi. Sisi wa mashambani tumeachiwa orodha.

Na ajabu ni kwamba somo lenyewe tulishafundishwa zamani na watu wa pwani. Kule Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya kanga za “Mali ya Abdulla”, imekuwa kwenye biashara tangu 1887. Muulize mwanamke yeyote wa pwani kuhusu jina la kanga, hatakutajia maneno pekee. Atakuambia nani aliivaa, alipita mlango wa nani, siku ya pili baada ya ugomvi gani. Mwaka 1997 Saida Yahya-Othman aliandika kuhusu majina hayo na sauti ya wanawake. Alionyesha jinsi kanga inavyosema yale ambayo kinywa hakiruhusiwi kusema, na mlengwa hana pa kushtaki, maana aliyejihisi ndiye aliyeambiwa. Basi, kanga tulijua kuisoma mwilini. Tulipofika kwenye matatu tukaanza kunakili.

Hebu twende kwenye kibanda chenyewe. Fundi ninayemzungumzia hufanya kazi mjini Kericho, kwenye kibanda cha mabati chenye kompyuta moja na mashine ya kukatia stika. Vinili huja kwa roli, kila rangi na roli yake. Mashine hukata herufi bila kuikata karatasi ya chini. Kisha fundi hung’oa kwa ncha ya wembe sehemu zisizotakiwa, hata vitundu vya ndani ya “a” na “o”, akalaza juu yake utepe wa kuhamishia maandishi. Tangi la pikipiki huoshwa, likapanguswa kwa spiriti mpaka mafuta yaishe kabisa. Hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni ili stika iweze kusogezwa kabla haijashika. Halafu huja kazi ya kadi ya benki iliyokwisha muda: kusukuma maji na hewa kutoka katikati kwenda pembeni, polepole. Palipopinda hupapasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoinunua kwa mwenye saluni.

Hafanyi kazi ya nje kabla ya saa nne asubuhi. Kericho iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri bati la tangi linauma vidole kwa baridi. Gundi haishiki kwenye baridi. Mchana ukisogea sana mvua nayo inakuja, na huku mvua huja na mawe. Kwa hiyo ana saa chache tu kati ya baridi na mvua.

Jambo lililonifungua macho ni dogo. Kila stika ya mraba inayopita mikononi mwake, fundi huichukua mkasi akaviringa kona zote nne. Nilimuuliza sababu.

“Mwalimu,” aliniambia, maana daftari langu lilimfanya aamini mimi ni mwalimu, “stika haing’oki katikati. Huanzia kwenye kona. Kona ikiwa kali kidole kinaipata, matope yanaipata, gunia la abiria linaipata. Ukiiviringa, hakuna pa kuanzia.”

Tangu siku hiyo naangalia kona kwanza, maneno baadaye.

Chukua pikipiki moja niliyoiona kibandani hapo, Boxer nyekundu. Kwenye tangi ilikuwa na methali tunayoijua sote: Dua la kuku halimpati mwewe. Mwenye orodha angeinakili na kuitia kwenye fungu la wivu, akaenda zake. Lakini maneno yalikuwa yamekaa vibaya. “Dua la kuku” lilikuwa mbele, karibu na usukani. Kisha kulikuwa na nafasi tupu ya upana wa ngumi, halafu “halimpati mwewe” likabanwa nyuma kuelekea kiti. Nafasi ile tupu ilikuwa bonde. Tangi lilikuwa limebonyea.

Mwenyewe alinieleza bila kusita. Alianguka karibu na Kapsoit, kwenye mvua ya mawe, pikipiki ikiwa bado ni ya mkopo. Hakuvunjika, lakini wiki mbili hakufanya kazi, na stejini wakaanza kusema hiyo itachukuliwa. Hakuchukuliwa kitu. Alipomaliza kulipa, alikuja kuandikisha methali.

“Na mbona hukuziba hapo palipobonyea?” nilimuuliza.

Fundi ndiye aliyenijibu. Vinili ukiilazimisha iingie kwenye bonde, itaingia kwa joto, lakini ina kumbukumbu. Inataka kurudi kuwa bapa kama ilivyokuwa kwenye roli. Baada ya siku chache inajivuta, hewa inaingia chini, na stika yote inaanza kufa kutoka hapo. Ilibidi bonde liachwe.

Kwa hiyo andiko lile lina sehemu tatu, na ya katikati haina herufi. Kuku anaomba, pikipiki inaanguka, mwewe anapita. Sidai kwamba mwenye pikipiki alipanga iwe hivyo. Gundi ndiyo iliyokataa. Lakini watu wa stejini wanaojua habari ya Kapsoit huisoma hivyo, na hao ndio wasomaji aliowataka. Ukiinakili methali peke yake umebeba maganda tu.

Uhakiki lazima useme pia kibaya ni kipi. Kwenye barabara ya kutoka Kericho kupita Litein na Kaplong hadi Bomet niliwahi kuona gari la abiria lenye picha ya simba iliyofunika mlango wote wa nyuma. Ilikuwa picha safi, manyoya yanahesabika. Ilikatwa mraba, kona kali, ikapitishwa juu ya bawaba na kitasa kana kwamba mlango hauna bawaba wala kitasa. Nilipoliona tena miezi kadhaa baadaye, simba alikuwa ameota ndevu za matope na taya lilikuwa linapepea. Wale wa orodha wangemsifu simba yule, na mimi namhukumu: alikuwa mzuri kama picha na mbovu kama stika, kwa sababu aliyembandika hakuuangalia mlango.

Tukumbuke pia kwamba magari ya huku yana mapambo machache kuliko ya Nairobi, na hilo lina historia. Kanuni za John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano ubavuni. Novemba 2018 serikali ilizifufua kwa msako. Dereva wa safari ndefu anayekutana na polisi mara kadhaa kwa siku hataki kuwapa sababu ya kumsimamisha. Mapambo yamehamia kwenye vitu vidogo: madigadi ya pikipiki, helmeti, kifuniko cha simu, kioo cha kinyozi. Huko ndiko inakobidi tuinamie ili tusome.

Na tukishainama, tutaona viraka.

Kogo, yaani nyanya yetu, alichuma chai ya kampuni miaka mingi kabla ya kurudi kwenye shamba lake dogo upande wa Mogogosiek. Aproni yake ya plastiki ninayo. Mchuma chai huivaa kwa sababu ya umande na mvua. Michai hukatwa ikawa bapa kama meza, inamfika kiunoni, naye husukuma mapaja kati ya matawi siku nzima akitafuta majani mawili na chipukizi. Kwa hiyo aproni haichakai popote. Huchakaa mbele, juu kidogo ya magoti, upande wa mguu unaotangulia. Ukikuta kiraka hapo unajua mwenye aproni alitanguliza mguu gani. Ya Kogo ni ya kushoto.

Kiraka chenyewe ni kipande cha gunia la mbolea, lile la chai, na bado kina namba: 26:5:5. Namba ziko juu chini. Nilipokuwa chuoni niliwahi kuandika aya nzima kuhusu namba hizo zilizopinduliwa. Nilisema ni mwanamke anayeipindua lugha ya soko la mbolea, na kadhalika na kadhalika. Niliipenda sana aya ile. Kisha nikamsomea.

Alicheka hadi akaketi. “Nani alikuambia nilikuwa nasoma gunia?” Akaichukua aproni akanionyesha. Gunia lina pindo moja ambalo kiwandani limeshakunjwa na kushonwa. Ukiligeuza hivyo, pindo hilo linakaa chini, na hilo ndilo linalokutana na matawi. Pembe tatu zilizobaki alizipitisha kwenye moto wa mshumaa, maana gunia la plastiki likikatwa hufumuka nyuzi, na moto huzigandisha. Upande wa juu wa kiraka aliuingiza chini ya plastiki ya aproni, usitokeze nje. “Kama mabati,” alisema. “Bati la juu hulalia la chini. Ukifanya kinyume, maji yanaingia na wewe unashinda na paja bichi.” Uzi aliupaka nta ya mshumaa ili matundu ya sindano yasivuje.

Na kona? Ameziviringa. Nilimuuliza nani alimfundisha.

“Kona huvutwa na matawi,” alisema. “Wewe huoni?”

Hapo ndipo fundi wa stika na Kogo walipokutana kichwani mwangu, ingawa wenyewe hawajawahi kuonana. Wote wawili wanajua kwamba kitu kilichoongezwa juu ya kingine hushindwa kuanzia pembeni, na kwamba anayeongeza sharti aangalie kwanza anachoongezea. Ningesema hicho ndicho kipimo chetu. Andiko la namna hii likijua liko juu ya nini, ni zuri. Lisipojua, ni karatasi tu.

Sasa mbona stika zina makala na viraka havina? Jibu la haraka ni kwamba stika ina maneno. Lakini kiraka cha Kogo nacho kina namba, na hakuna aliyekuja kuzinakili. Nadhani sababu ni nyingine. Stika ni za barabarani, ni za vijana wa kiume, na zimewekwa ili zionekane. Kiraka kiko shambani, mwilini mwa mwanamke aliye kazini, na hakikuwekwa kwa ajili ya macho ya mtu. Lugha yetu yenyewe inakionea. Barabara mbovu ni ya viraka, sheria isiyotosha imetiwa viraka. Ni watangazaji wa mpira tu, hasa wa Tanzania, wanaokiheshimu: mchezaji kiraka ni yule unayeweza kumweka popote uwanjani naye akaziba pengo. Hapo neno linarudi kwenye maana yake.

Lakini hapa lazima nijikanye mwenyewe. Ni rahisi kupenda kiraka kilicho kwenye nguo ya mtu mwingine. Kwenye vibanda vya mitumba vya Bomet utakuta jinzi zilizochanwa na kuwekwa viraka kiwandani, na zinauzwa ghali kuliko nzima. Nilikuwa na binamu yangu, naye huchuma chai. Aliishika moja akauliza bei, akairudisha.

“Hii yenye viraka ni ya mtindo,” aliniambia. “Yangu nikivaa, wanasema huyu bonasi haikufika.”

Wakulima wa huku wamelalamika mara nyingi kwamba bonasi yao ya mwaka ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, kwa hiyo mzaha huo una uchungu. Binamu yangu hataki kiraka. Anataka suruali mpya. Mhakiki anayesifu kiraka bila kusema hivyo ni sawa na yule wa orodha, ila amebadilisha daftari tu. Ninapokisifu kiraka cha Kogo, nasifu uamuzi wake na ustadi wake. Uhaba uliomlazimisha siusifu.

Kuna kitu kilicho katikati ya stika na kiraka, nacho ni beji ya shule. Ina maneno kama stika, hushonwa kama kiraka. Januari, mzazi hufumua beji kwenye sweta la mtoto mkubwa kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, akaishona kwenye la mdogo. Sweta la zamani hubaki na alama ya ngao yenye rangi mbichi, pale ambapo jua halikufika. Ndivyo ilivyo hata kwenye tangi la pikipiki stika ikibanduliwa: rangi ya chini inabaki na kivuli cha maneno. Ukitaka kujua pikipiki ya mtumba ilikuwa ya nani, usimsikilize muuzaji. Liinamishe tangi kwenye jua usome kivuli.

Njia hiyo ya kusoma inafaa hata kwa vitu vikubwa. Nje kidogo ya mji wa Kericho kuna kituo cha biashara kiitwacho Brooke, kutokana na Brooke Bond, kampuni iliyoanza kupanda chai huku miaka ya 1920. Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984. Biashara hiyo ya chai ikaitwa ekaterra, mwaka 2022 ikaenda kwa CVC Capital Partners, halafu ikaitwa Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba yanauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kila mara jina jipya hubandikwa juu ya la jana, kwenye lango, kwenye gari, kwenye kifua cha ovaroli. Makanga hajali. Yeye anaita “Brooke, Brooke, wa Brooke!” na abiria wanashuka.

Nilitaka kusema kwamba Brooke ni jina lililoshonwa na mengine yamebandikwa tu. Ni sentensi tamu, lakini inaacha kitu. Brooke nayo iliongezewa juu ya ardhi iliyokuwa na majina yake na wenyewe. Familia za Wakipsigis ziliondolewa kupisha mashamba, na mwaka 1934 sheria ilitungwa ya kuwahamisha Watalai hadi Gwassi, mbali kabisa. Kuusifu mshono bila kuuliza kitambaa kilichotobolewa ni kurudia kosa la aliyembandika simba. Swali ni lile lile: chini yake kuna nini?

Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuchumia chai huko Kericho, wakisema zimewanyang’anya mama zao kazi. Mashine hazikuisha. Binamu yangu, yule wa jinzi, sasa hushika upande mmoja wa mashine ya kukatia inayobebwa na watu wawili, mtu huku na mtu kule. Ina stika ya onyo: mkono, kisu, na mstari mwekundu. Ilibandikwa kiwandani kwenye nchi yenye wino mzuri. Nilipoiona kona moja ilikuwa imenyanyuka na utomvu wa chai umeingia chini, mweusi. Mkono uliochorwa umebaki na vidole viwili.

Nilimwambia amuone fundi wa mjini amkatie nyingine. Alisema ni mali ya mwenye shamba, si yake kubandika. Lakini shati lake, mkono wa kulia, pale linapogusa injini ya moto, alikuwa ameshaongeza kitambaa kizito cha suruali ya zamani. Nilikishika nikakigeuza. Kona zilikuwa za mviringo.

Kwa hiyo atakayepita tena na daftari, namwomba aongeze safu chache pembeni ya maneno: kilibandikwa au kilishonwa wapi, juu ya nini, na nani, kona zake zikoje. Na asiache kuandika pale ambapo hapana maneno. Aproni ya Kogo nimeitundika nyuma ya mlango. Kiraka bado kimeshika. Plastiki iliyokizunguka ndiyo imeanza kupasuka.